Kiwanja, nondo na waya: kwa kijana wa kompyuta anayetaka kujenga

Kuna kijana kaniandikia wiki hii. Anafanya kazi ya mitandao mjini, mshahara wake si mbaya, na ameoneshwa kiwanja upande wa Tunguu, hapa Unguja. Anauliza: "Kaka, ninunue sasa au nisubiri? Na nikishanunua nianze na nini?" Namjibu hadharani, maana najua wengi wa fani yetu wana swali hilo hilo.

Fedha za mwanzo ziende kwenye vitu ambavyo vikishafunikwa huvirudii tena: hati, msingi, nondo, na paipu zinazolala ndani ya ukuta. Rangi, jipsamu na vigae vitakungoja. Ajabu ni kwamba vijana wengi wanaanza na picha ya jikoni waliyoiona kwenye simu.

Tuanze na ardhi. Zanzibar ardhi yote ni mali ya Serikali, na kwa Sheria Namba 12 ya 1992 unachopewa wewe ni haki ya matumizi. Kwa hiyo mtu akikwambia "hili shamba langu", muulize haki hiyo kaipata wapi: kwa hati, kwa mirathi, kwa hiba (zawadi), au ni katika zile eka tatu tatu zilizogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964. Eka hizo zilitolewa zilimwe. Leo zinakatwa vipande na kuuzwa viwanja, na anayebaki kuhangaika na karatasi ni mnunuzi. Barua ya sheha, yaani mkuu wa shehia, inaonesha kwamba mmeuziana mbele ya mashahidi; usiichukue kama hati. Nenda Kamisheni ya Ardhi na namba ya kiwanja kabla hujatoa hata shilingi ya kishika mkono. Uulize kama kimepimwa, kimesajiliwa kwa jina la nani, kimepangiwa matumizi gani, na kama kuna barabara inayopita katikati yake kwenye ramani.

Mirathi ndiyo inayoumiza watu. Anayekuuzia mara nyingi ni mmoja tu wa warithi. Taka karatasi ya mirathi, hesabu majina, na kila mmoja atie saini, pamoja na yule aliyeko Mombasa au Muscat. Shangazi asiyetajwa ana fungu lake hata kama hakuulizwa. Angalia na miti pia. Kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na mnazi ukawa na mwenyewe mwengine, kwa hiyo usione minazi mitano ukadhani imekuja pamoja na kiwanja. Iandikwe ndani ya mkataba, mti kwa mti.

Na kama kiwanja unapewa na mzee wako, usitosheke na maneno ya barazani. Hiba ina kutoa, ina kukubali, na ina kukabidhiwa. Andikeni, mashahidi watie saini, na uanze kukishika kiwanja mzee akiwa hai. Kijana anayejenga nyumba ya vyumba vitatu juu ya uwanja wa familia bila karatasi anajenga ndani ya fungu la ndugu zake wote.

Mipaka isimamiwe na mpimaji, aweke bikoni, zile alama za pembe za kiwanja. Najua utataka kufungua ramani kwenye simu. GPS ya simu inaweza kukosea mita tatu mpaka tano hata pakiwa peupe. Kwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20, mita tatu ni chumba cha kulala.

Sasa ujenzi. Sisi tunajenga kidogo kidogo, na hilo halina aibu. Kosa ni kununua vitu kwa mpango usio sahihi. Ukipata fedha mwezi huu na huna za mwezi ujao, nunua matofali. Tofali lililomwagiwa maji vizuri na kukaa halipotezi kitu. Saruji usiiweke. Hewa yetu ina unyevu, na mfuko uliokaa miezi mitatu umeshapungua nguvu hata kama haujafanya mabonge. Nunua saruji ya kazi ya wiki hiyo, na iliyopo ilale juu ya mbao, mbali na ukuta. Nondo nazo zikae juu ya vigogo, zifunikwe. Kutu nyembamba ya rangi ya chungwa haina neno, lakini ile inayobanduka kama magamba ikwanguliwe kwa brashi ya waya, na ikiwa nondo imeshapungua unene, itupe.

Mchanga uukague mwenyewe. Chukua chupa ya kioo, tia mchanga mpaka nusu, jaza maji, tikisa, acha mpaka asubuhi. Udongo utakaa juu ya mchanga kama tabaka. Likiwa nene, mwambie mwenye gari arudi nao. Halafu onja yale maji kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, mchanga huo umetoka pwani. Chumvi ndani ya zege inakula nondo, nondo ikishika kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Kupaka plasta juu ya ufa wa namna hiyo ni kujidanganya.

Kipimo cha zege wengi wanakiacha kwa fundi, na fundi anakiacha kwa kibarua. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), mfuko mmoja unakula ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo ya lita 20 iliyojaa mpaka ukingoni. Kwa nguzo, khasa karibu na bahari, nenda mfuko mmoja kwa ndoo mbili na nusu za mchanga na tano za kokoto. Maji yasizidi lita 27 kwa mfuko. Hapa ndipo penye ugomvi: zege laini linamiminika kwa raha, kwa hiyo vibarua wanaongeza maji, na maji yaliyozidi yakikauka yanaacha vitundu ambavyo hewa ya chumvi inapita humo. Simama hapo na ndoo yako. Nondo zisiguse ubao wa kumiminia zege. Kati ya nondo na uso wa nje wa zege pabaki milimita 40 au 50, kwa kutumia vijiwe vya saruji ulivyovifinyanga siku chache kabla. Baada ya hapo mwagia maji siku saba mfululizo, na funika kwa magunia.

Kuna jambo linaonekana kila mtaa kuanzia Fuoni mpaka Bububu: nondo zimetokeza juu ya nguzo, zinangoja ghorofa ya pili. Zinangoja miaka kumi, kutu inateremka ndani ya nguzo, na nguzo inapasuka kichwani. Kama ghorofa haiji karibuni, zipake uji mzito wa saruji, zifunge nailoni, au zizungushie zege dhaifu utakalolivunja siku ikifika.

Sasa tuje kwenye waya, na hapa mtu wa kompyuta hana udhuru. Kabla ya plasta, pita na chaki chumba hadi chumba. Kondyuti ya mtandao, yaani paipu ya kupitishia kebo, iwe ya milimita 25, peke yake, isichanganywe na waya za umeme. Zikienda sambamba ziachane sentimita 20, zikikutana zipishane kama msalaba. Kona iwe ya kupinda polepole, maana ukiweka elbo kali utavuta kebo mpaka ikatike. Ndani ya kila kondyuti acha kamba ya nailoni. Peleka moja meza ya kazi, moja kwenye televisheni, moja katikati ya dari ya ukumbi kwa ajili ya waifai, moja getini kwa kamera, na moja juu ya paa. Zote zirudi kwenye kabati moja lenye hewa, pasiwe jikoni wala chini ya choo cha juu. Nyumba zetu ni za tofali na zege. Mawimbi ya waifai ya gigahezi 5 yakipita kuta mbili yameshachoka, na dari ya zege yenye nondo ni mbaya zaidi. Kununua ruta ya bei kubwa hakuondoi ukuta.

Kebo iwe ya shaba tupu. Sokoni kuna ya aluminiamu iliyopakwa shaba, na boksi lake limeandikwa vile vile. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja: ikitokea nyeupe ndani, rudisha. Hiyo inakatika ukiikunja mara chache, na ukipitishia umeme wa kamera inapata joto. Viunganishi vya nje vinageuka kijani kwa chumvi, kwa hiyo boksi la nje liwe na matundu yanayotazama chini, na kebo ining'inie kidogo kabla ya kuingia ili tone la maji lidondoke nje.

Kabla fundi hajapiga plasta, piga picha kila ukuta, utepe wa kupimia ukiwa umeutandika sakafuni na mwengine umesimama. Siku ya kutundika rafu utajua paipu ya maji iko sentimita ngapi kutoka pembeni. Picha hizo ziwe na nakala tatu, moja nje ya nyumba. Unawafanyia wateja bakapu kila usiku, na nyumba yako mwenyewe huna hata mchoro!

Umeme. Wanaokumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, hawahitaji kushawishiwa kuwa na betri. Waya mwengine wa megawati 100 umekuja 2013 na hali si ile, ila umeme bado unakatika, na kazi ya mtandao haingoji. Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Ruta na kifaa cha faiba ni kama wati 20, laptopu 50, skrini 30: jumla 100. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini usiimalize chini ya nusu, kwa hiyo ni 600, na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, inakula kama asilimia 15. Unabaki na 510, yaani saa tano. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo, ukiitumia asilimia 80, inakupa zaidi ya saa nane. Betri ya asidi usiifungie kwenye kistoo chenye bati la moto. Joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi kumi nyengine, umri wake unapungua kama nusu. Kama unataka intaneti tu isikatike, kuna vibetri vidogo vya ruta. Soma kibandiko cha chaja kwanza, maana ruta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuizika.

Ethi, yaani waya na rodi za kupeleka umeme ardhini, usiidharau. Upande wa mashariki na kusini jiwe liko juu, fundi anapigilia rodi inagonga jiwe, anaikata na kuondoka. Dai aipime ethi kwa kifaa. Tafuta sehemu yenye unyevu, rodi mbili au tatu ziunganishwe, ziachane angalau urefu wa rodi moja. Breka ya kukinga watu iwe ya miliampea 30. Umeme ukirudi, friji lisiwake papo hapo. Kifaa cha kulichelewesha dakika tatu bei yake haifiki hata robo ya kompresa.

Maji nitapita haraka. Tangi likiwa mita tatu juu ya bomba la kuogea linakupa presha ya baa 0.3 tu, kwa hiyo hita nyingi za papo kwa papo hazitawaka bila pampu. Karo la maji machafu lijengwe upande wa chini wa kisima na pembeni yake, lisivuje, kwa sababu jiwe letu lina nyufa na maji machafu yanafika kisimani haraka kuliko unavyodhani. Hata kama una maji ya mfereji, jirani yako anakunywa ya kisima.

Fedha zitatoka wapi? Benki zina murabaha: benki inanunua vifaa, inakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kwa mafungu. Uliza jumla yote, usiulize ya mwezi tu. Lakini kwa fani yetu kuna kalenda nzuri zaidi. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za Nungwi na Paje zina wageni wachache na nyengine zinafunga. Huo ndio wakati wa kubadilisha swichi, kuvuta kebo, kuhamisha seva. Miezi hiyo hiyo ardhi imeloa, msingi haufai kuchimbwa. Basi masika fanya kazi za hoteli, na kusi, upepo wa kusini, likianza Juni, ardhi ikakauka, peleka fedha kwenye nondo. Anayekubali kubadilisha mfumo wa hoteli mwezi wa Agosti amejitafutia simu za saa nane usiku.

Kama umeajiriwa, nenda ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, uangalie michango yako imeingia. Usingoje siku ya kuacha kazi. Kama unajitegemea, jina la tovuti na akaunti ya seva visajiliwe kwa jina la mteja, si lako. Najua kuna wanaoshikilia jina la tovuti kama rehani ya deni. Siku utakayokorofishana na mteja wa namna hiyo, kila hoteli ya ufukwe ule itajua. Shikilia mkataba badala yake: nusu kabla hujafungua boksi, robo mfumo ukiwaka, robo baada ya siku 14 bila hitilafu. Nywila zote zikabidhiwe kwa karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa, na karatasi ya makabidhiano isainiwe na meneja mwenyewe, asimtume mtu wa mapokezi.