Makumbusho, mtaa na siku za shida

Kama unafanya kazi kwenye makumbusho, mambo yakiharibika mtaani usianze kufikiria maonyesho. Jiulize kwanza mna nini ambacho majirani hawana. Mara nyingi ni ua mpana, mfereji wa maji, vyoo, jenereta na lango lenye mlinzi.

Mimi nimekaa miaka kwenye makumbusho madogo ya pwani ya Kenya, upande wa elimu. Jambo hili lilinikaa vizuri mwaka 2020. Makumbusho yalifungwa Machi kwa sababu ya korona, na Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna kuingia wala kutoka. Waongoza watalii na wauza madafu walikuwa wameshakaa wiki kadhaa bila mgeni. Mtu kama huyo ukimpelekea habari za Wareno, atakuangalia tu.

Tena msitunge orodha yenu ya wenye shida. Iko tayari, vichwani mwa kina mama wa chama, kile kikundi cha kuchangishana pesa. Wao wanajua nani anauguza, nani hajawasha jiko tangu jana, na nani yuko radhi alale njaa kuliko kuonekana kwenye foleni. Huyo wa mwisho hupelekewa usiku, mlangoni, bila maneno. Imamu na mzee wa mtaa muwashirikishe pia, ila mkiishia kwao tu mtawapata wale wanaojitokeza, na wanaojificha mtawakosa.

Queens Museum ya New York ilielewa hili mwaka huohuo. Mtaa jirani uitwao Corona, wenye wahamiaji wengi, uliumizwa vibaya na ugonjwa. Makumbusho hayo hayakujifanya mabingwa wa kugawa chakula. Yaliwapa nafasi watu wa shirika la La Jornada, ambao kazi yao ni hiyo.

Sasa neno litakalowaudhi wakubwa: wekeni kamera chini. Najua mfadhili anataka picha. Lakini mama aliyepigwa picha akipokea unga hatarudi, na shoga zake hawatakuja. Barakoa zilizoshonwa na fundi wa mtaani na matangazo yaliyobandikwa milangoni ni vitu vya kuhifadhiwa kweli. Viombeni baadaye, kwa mwenyewe, na jina lake liandikwe akipenda.

Msidhani mnatoa tu. Januari 2011, vurugu zilipofika Makumbusho ya Misri pale Tahrir, Cairo, wezi waliingia ndani, na raia wakashikana mikono kulizunguka jengo ili lisiporwe zaidi. Ulinzi wa namna hiyo hakuna kampuni inayouuza.

Kwa hiyo anzeni sasa, kukiwa shwari. Wekeni kibandani kwa mlinzi namba za simu za mwenyekiti wa chama, imamu, mzee wa mtaa na vijana wa barazani, na mlinzi aruhusiwe kuzipiga na kufungua lango bila kungoja barua. Mvua kubwa ikiingia majumbani saa nane za usiku, mkurugenzi atakuwa amelala kwake Nyali.