Tovuti ya habari ikizima, soma kwanza ujumbe wa kosa

Ndugu aliyeuliza kwa nini tovuti kubwa ya habari haimfungukii tangu asubuhi, na kama ni kweli imedukuliwa au imefungwa na serikali, namjibu kwa niliyoyaona katika miaka minane ya kuendesha duka la intaneti hapa Langoni, Lamu.

Wateja wangu wengi huniambia "haifunguki" tu, nami huwaomba wanisomee maneno ya kwenye kioo, kwa kuwa humo mna nusu ya jibu. Kivinjari kikisema anwani haikupatikana, ombi lako limekwama kwa seva ya majina, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kikizunguka mpaka muda ukaisha, ombi limetoka ila halikujibiwa. Lakini ukiona namba ya kosa 503 au 504, fahamu kwamba ipo mashine iliyokupokea na kukujibu, kwa hiyo kuzima rauta na kuiwasha tena hakutakufaa kitu.

Mashine hiyo mara nyingi si ya chombo cha habari chenyewe. Tovuti kubwa huweka nakala za kurasa zao kwa makampuni yenye seva zilizotawanywa duniani, ili ukurasa utoke karibu na msomaji. Tarehe 8 Juni 2021, saa sita na dakika 47 mchana kwa saa zetu, BBC, CNN, Guardian na New York Times zilianza kuzima kwa pamoja, na tovuti ya serikali ya Uingereza nayo. Hakukuwa na uvamizi wowote. Zote zilihudumiwa na kampuni ya Fastly, ambayo mwezi Mei ilikuwa imesambaza programu yenye kasoro; mteja mmoja alipobadilisha mipangilio yake, tena mabadiliko halali kabisa, kasoro ile ikaamka na asilimia 85 ya mtandao wao ikawa inarudisha makosa. Katika dakika 49 sehemu kubwa ilikuwa imerudi. Ndiyo maana tovuti moja ikizima hufungua nyingine mbili tatu za nje, na nikikuta zimezima kwa ujumbe uleule, natafuta kinachoziunganisha.

Zikiwa tovuti zote za nje zimekuwa nzito bila kuzima, shuku kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya na Tanzania zote ziliuona uzito huo.

Upande wa kufungiwa unahitaji uangalifu zaidi. Mzee mmoja, ambaye husoma habari dukani kwangu kila siku baada ya Alasiri, alinigeuzia kompyuta akasema, "Mwanangu, hawa wamefungiwa." Kioo kilisema anwani haikupatikana, na kompyuta zangu zote nne zilisema hivyo hivyo. Nikazima Wi-Fi kwenye simu yangu, nikatumia bando, na ukurasa ukaja papo hapo. Nikaingia kwenye rauta, nikaandika 1.1.1.1, namba ya seva ya majina ya kampuni nyingine iliyo wazi kwa wote, mahali pa ile ya mtoa huduma wetu, na kompyuta nazo zikafungua. Hilo peke yake halikutosha kuniondolea shaka, kwa sababu wanaofungia tovuti wanaweza kuifungia hapohapo kwenye seva ya majina; kilichonitosheleza ni kwamba tovuti ya kukata tiketi za ndege na ile ya kutazama matokeo ya mitihani zilikuwa zimegoma vilevile, na zote zikarudi pamoja, maana yake hitilafu ilikuwa ya seva ya majina yenyewe, si habari kufungiwa. Mzee alikuwa ameshawatumia jamaa zake wa Pate ujumbe wa sauti kuwa habari zimefungwa, nami nilimwomba awatumie mwingine wa kusahihisha, nikasimama naye mpaka akautuma.

Basi, ndugu yangu, tuandikie maneno yenyewe yaliyo kwenye kioo chako, utuambie unatumia Wi-Fi au bando, na ujaribu kwa laini ya mtandao mwingine. Nikiyapata hayo matatu nitaweza kukueleza ni wapi palipokatika.