Labirinti ya mawe Bagamoyo: mawe yasubiri, anza na ardhi

Mleta mada ana kiwanja chenye minazi nyuma ya nyumba yake ya wageni hapa Bagamoyo. Anataka labirinti ya mawe, watu watembee taratibu wakitafakari, na fundi anataka kupanga mawe Jumamosi hii. Mkuu, mwambie fundi asubiri. Nimeshafanya kazi hii hapa hapa pwani, na nakuhakikishia mawe ndiyo sehemu rahisi.

Labirinti ina njia moja tu. Inakuzungusha mpaka katikati, na unarudi kwa njia ile ile. Hakuna njia panda wala pa kupotelea. Kwa hiyo dimbwi likituama sehemu moja, mgeni hana pa kupitia. Ama alikanyage, ama aruke mawe, na hapo utulivu wote umeisha.

Kwanza, toka chini ya minazi. Nazi ikimwangukia mtu kichwani ni msiba, na mtu anayetafakari haangalii juu. Mwembe na mkorosho nao mizizi yake huinua mawe, usiisogelee sana.

Pili, fuata maji. Mvua kubwa ikinyesha, toka nje uone yanakotuama na yanakoelekea, kisha pigilia vigingi hapo. Ardhi yetu inadanganya: juu mchanga, unadhani maji yatazama, kumbe chini kidogo kuna udongo mzito au mwamba wa matumbawe. Chimba shimo la kina cha goti, jaza maji, yakiisha jaza tena. Kama ya pili bado yamo kesho yake asubuhi, hamisha mahali au inua ardhi kwa kifusi.

Sasa ndago, gugu linalofanana na nyasi. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Magugu mengi unaweza kuyang'oa yakaisha, lakini ndago ukiilima kwa jembe unaizidisha. Ing'oe moja taratibu kwa uma wa bustani uone: chini kuna vijitunda vyeusi vimeungana kwa nyuzi kama shanga. Jembe linakata nyuzi, na kila kijitunda kilichobaki kinaota kivyake. Karatasi ya nailoni haisaidii, ncha ya ndago inaitoboa. Dawa ni kuchimbua kwa uma, kuchekecha udongo wa juu, kumwagilia, kuacha iote, kisha kuchimbua tena, mpaka uone imechoka. Vijitunda usivitupe kwenye mboji, vianike juani mpaka vikauke kabisa. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukishapanga mawe hutaweza kuifanya bila kuyang'oa yote.

Msimu mzuri ni masika yakishakatika, Juni kuelekea Julai. Umeshaona maji yanavyokwenda, na udongo bado una unyevu wa kushindilika. Fumbata udongo mkononi: ukishikamana bila kuchuruza maji, shindilia. Ukimeguka kama unga, nyunyiza maji kwanza.

Kusawazisha usitumie macho. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji bila mapovu, upate levo kwenye vigingi. Usiifanye bapa kabisa. Ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, upande mmoja, maji yapate kwa kwenda. Kisha mwaga moramu (udongo wenye changarawe) tabaka la sentimita 5 na ushindilie. Kwa duara lenye upana wa mita 12 ni kama mita za ujazo 6, lakini agiza zaidi kidogo maana hushuka ikishindiliwa. Mchanga usichote ufukweni, ufukwe wetu unaliwa tayari. Mawe nayo usiokote kwenye magofu, hata yakiwa yamelala tu. Nunua ya machimbo.

Kuhusu ukubwa: wengi huleta picha ya ile ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, ya karne ya 13, mizunguko 11, upana karibu mita 13. Ile imejengwa kwa mawe ya sakafuni, ndani ya kanisa. Kwa bustani chukua ule mtindo rahisi wa kale wenye mizunguko 7. Njia ya sentimita 60 na mstari wa mawe wa sentimita 15 inakupa upana wa mita 11 na kidogo, ila safisha mpaka 14 upate pa kusimama na toroli. Ichore yote kwa majivu kwanza, uitembee mwenyewe na mzee mmoja wa nyumbani. Na kumbuka, kigingi cha kuchorea pinde hakikai katikati ya msalaba wa kuanzia (alama unayoichora kwanza, kisha mistari inazungushwa kutoka hapo), hukaa pembeni kidogo.

Umeuliza pia kuhusu wageni wa viti vya magurudumu. Hao wanahitaji njia ya sentimita 90 angalau, na mizunguko 7 itakula karibu mita 16. Kama kiwanja hakitoshi, fanya mizunguko 3, upana wa mita 7 na nusu hivi, na moramu uishindilie zaidi ili magurudumu yasizame. Weka hapa vipimo vya kiwanja na picha baada ya mvua, tuangalie pamoja.