Kifurushi Changu Kimehamia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Morogoro. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikilipia kifurushi cha shilingi 13,000 kwa mwezi, chenye chaneli ya tamthilia anayoipenda mama watoto na katuni za wajukuu. Mwezi uliopita nililipa tarehe 2. Tarehe 6 usiku tamthilia ikakatika katikati, na kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba chaneli hiyo haimo katika kifurushi changu. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, binti aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba imehamishiwa kifurushi cha shilingi 21,000 na kwamba nilitumiwa ujumbe. Ujumbe huo sijauona. Je, wana haki ya kufanya hivyo?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Unapolipia kifurushi hununui chaneli fulani, bali unanunua ruhusa ya kutazama kwa muda kile ambacho kampuni imekiweka humo. Na masharti unayoyakubali siku fundi anapokufungia dishi, ambayo ni nadra mtu kusomewa, aghalabu huiachia kampuni nafasi ya kupanga chaneli upya. Kwa hiyo kuihamisha chaneli si lazima kuwe kosa. Kosa, kwa maoni yetu, ni kuihamisha siku nne baada ya kupokea fedha ya mwezi mzima.

Gharama zipo kweli. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara peke yake ziliuzwa mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 225.6 kwa mkataba wa miaka 10, na vipindi vingi vya nje hulipiwa kwa dola. Lakini kama nyumbani kwako hakuna anayetazama mpira, utaona jinsi vifurushi vinavyomwonea mtazamaji wa kawaida: amefuata kitunguu kimoja sokoni, naye anaambiwa abebe tenga zima.

Tunakushauri uiandikie kampuni malalamiko, wala usiishie kwenye simu, kwa sababu maneno ya simuni ni vigumu kuyathibitisha baadaye. Taja namba ya kadi ya king'amuzi chako, tarehe uliyolipa na tarehe chaneli ilipopotea, ambatisha ujumbe wa malipo uliopo kwenye simu yako (usiufute), kisha udai ama urudishiwe chaneli hadi siku zako ziishe, ama ufidiwe. Wasipokuridhisha, yapeleke malalamiko hayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ndiyo inayozipa kampuni hizo leseni. Na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalowasemea wateja.

Hukuuliza kuhusu kuachana na dishi, lakini tunalitaja kwa kuwa huenda likakufaa zaidi kuliko kupanda kifurushi. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wengi wamedhani kwamba kila king'amuzi ni cha kulipia, kumbe ving'amuzi vya antena vinatakiwa kuonyesha chaneli za kitaifa za bure, kama TBC1 na ITV, hata kifurushi kinapoisha. Vya dishi vina leseni ya namna nyingine, na ndiyo sababu mwaka 2018 baadhi ya kampuni zilizuiwa kuzirusha chaneli hizo.

Tamthilia ya mama huenda usiipate huko, ila taarifa ya habari haitakatika kwa kukosa shilingi 13,000. Kabla ya kununua, angalia kwanza kama antena za majirani zako zinashika vizuri, maana Morogoro nyumba iliyojificha nyuma ya mgongo wa Uluguru inaweza kukosa mawimbi ambayo ya mtaa wa pili inayapata bila shida.