Kamera ya joto: nailoni ya godoro inafaa kuliko kioo

Kazi yangu ni viyoyozi na friji, hapa mjini Unguja, na siku hizi siendi kwa mteja bila ya kamera ndogo ya joto inayochomekwa kwenye simu. Lenzi yake ni ya gerimani (germanium), madini ya ghali yanayopitisha mionzi ya joto, na upepo wetu wa bahari una chumvi inayokula hata nati. Mafundi wenzangu huniuliza wailinde kwa kitu gani, na wengine wanataka kuiongezea lenzi bila ya kuagiza nje. Kwa nilivyoona, nyumbani mna vitu viwili tu vya maana: plastiki nyembamba na chuma kinachong'aa.

Kioo kisahauni. Mwili wa mtu hutoa mionzi ya joto ambayo kilele chake kiko kwenye urefu wa wimbi wa mikroni 9 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kamera hizi husoma baina ya 8 na 14. Kwa mionzi hiyo kioo cha dirisha ni ukuta. Mtazame mtu aliyevaa miwani, utamwona ana mabamba meusi machoni.

Polithini, plastiki ya mifuko tunayoiita nailoni, ni kinyume chake. Tia mkono ndani ya mfuko mweusi wa taka: jicho halioni kitu, lakini kamera inakuonyesha vidole vyote vitano. Sharti iwe nyembamba. Ndoo nayo ni plastiki, lakini unene wake unazuia karibu kila kitu. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku visiwani zamani, wala sikutumi kuitafuta kwa magendo. Nailoni inayokuja na godoro jipya inatosha. Kata pahala pasipo mkunjo, itandaze kwenye mdomo wa kipande kifupi cha bomba la maji, ikaze kwa mpira, kisha pachika mbele ya kamera bila ya kugusa lenzi. Ikichafuka, tupa, weka nyengine.

Ila nailoni inapunguza joto linaloingia, kwa hivyo namba kwenye skrini itadanganya. Mimi hupima kikombe cha chai ya moto mara moja na nailoni na mara moja bila, nikajua tofauti. Kwa kutafuta waya uliolegea kwenye swichibodi, tofauti hiyo haina neno, maana unachotafuta ni pahala palipozidi moto kuliko jirani yake.

Kuba jeupe la taa zinazowaka mtu akipita nalo ni polithini, tena ni lenzi hasa. Lakini limegawanywa vipande vingi, kila kimoja na upande wake. Ukilivisha kamera, mkono mmoja unakuwa mikono mingi yenye ukungu. Liacheni kwenye taa.

Kwa kuchungulia nyuma ya kompresa, kioo cha kujitazamia hakifai, kwa sababu fedha yake iko nyuma ya kioo. Fungua diski ngumu (hard disk) mbovu ya kompyuta ya mezani utoe sahani yake. Uso wake ni wa chuma, umenyooka sana, na unarudisha joto vizuri ajabu. Za laptopu nyingi ni kioo kilichopakwa chuma. Zinafanya kazi, ila zikipasuka zinaruka vipande.

Kuna wanaotaja chumvi kuwa inapitisha mionzi ya joto, na si uongo. Melloni, Mtaliani wa karne ya 19, alitumia chumvi ya mawe kwa majaribio yake ya joto. Lakini chumvi ya mashamba ya Pemba ina punje zilizojaa maji na nyufa, na kwa unyevu wetu huu hata ya mezani tunaitilia mchele.

Kwa anayetaka kusogelea bodi ya simu, nyumbani hakuna dawa. Nunua lenzi ya zinki selenidi, ile ya manjano ya mashine za leza za kukatia mbao. Usiisugue kwa msasa, vumbi lake ni sumu.