Kubadili vitendanishi vya intalukini-6 na tofauti ya majibu

Ndugu, umeuliza kwa nini seramu zilezile zimetoa viwango tofauti vya intalukini-6, protini ya damu inayoashiria uvimbe-moto mwilini, baada ya maabara yenu kubadili vitendanishi (kemikali za kipimo) vya ELISA, yaani kipimo kinachonasa protini kwa kingamwili. Si lazima liwe kosa la mpimaji. Kingamwili ya kwanza, iliyobandikwa kwenye vishimo vya sahani, huinasa protini hiyo, kisha ya pili huleta kimeng'enya kinachozalisha rangi inayosomwa katika nanomita 450. Na kwa kuwa kila mtengenezaji huchagua kingamwili zake, zinazoshika sehemu tofauti za protini ambayo ndani ya damu huweza kuwa imekwisha kushikana na vipokezi vyake (protini nyingine zinazoishika) vinavyoelea, kiasi kinachonaswa hutofautiana.

Angalia pia kama vilinganishi (sampuli zenye kiasi kinachojulikana) vya vitendanishi vyote viwili vimepimwa dhidi ya kiwango kimoja cha kimataifa cha Shirika la Afya Duniani (WHO), kama kile cha kwanza, namba 89/548. Mimi ningeanza kwa kuzimua sampuli chache mara mbili na mara nne: jibu likizidishwa kwa kiwango cha uzimuaji lisipolingana na la sampuli isiyozimuliwa, huenda kuna kitu ndani ya seramu kinachoingilia kipimo, mathalani rumatoidi fakta, kingamwili inayoshika kingamwili nyingine. Kwa mgonjwa anayefuatiliwa, msichanganye namba za vitendanishi hivyo viwili. Pimeni upya sampuli yake ya awali, ikiwa bado imegandishwa vizuri.