Kabla ya laptopu, kabla ya chumba, andikeni karatasi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia ujumbe mrefu. Yeye na wenzake wawili wamemaliza chuo, wamechangishana wakapata laki nane, na wanataka kufungua studio ya kutengeneza gemu. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, tununue kwanza laptopu yenye nguvu au tukodi chumba?" Nimeusoma mara tatu. Mwaka 2016 na sisi tulikuwa watatu, hela yetu haikufika hiyo, na tulijiuliza hilohilo.

Namjibu hapa ili na wengine wasome, maana najua mko wengi mnaoitaka njia hii.

Chumba chetu kilikuwa Magomeni, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mimi niliandika programu. Rafiki yangu tangu sekondari alikuwa mchoraji. Wa tatu, binamu yake, alishika sauti na kutafuta wateja. Tukaamua kutengeneza bao la kiswahili la kwenye simu. Mimi nimekulia Unguja, na baba yangu mdogo alikuwa haondoki barazani mpaka adhana ya magharibi. Kila nikitafuta bao kwenye simu nakuta lile la mashimo kumi na mawili la huko kwingine, limepewa picha ya twiga na kuitwa la Kiafrika. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Msidhani bao ni kazi ya wiki mbili. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita ndani ya shimo kuu liitwalo nyumba na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi. Mnanamua, yaani mnaingiza za mkononi moja moja kila zamu, mpaka ziishe, ndipo mnaingia hatua ya pili iitwayo mtaji na sheria zinageuka. Halafu kuna nyumba yenyewe: kete ya mwisho ikiangukia humo wakati unakula, unachagua usimame au nyumba isafiri, yaani uchote kete zake uzisambaze mbele. Kumfundisha mtu hayo ni siku kadhaa. Kuifundisha simu kulituchukua miezi saba, na usiku mwingi wa kuvizia bando la usiku kwa sababu la mchana hatuliwezi.

Toleo la kwanza nililipeleka Unguja mwenyewe, barazani kwa baba mdogo. Nikampa simu mzee mmoja ambaye pale wanamwita fundi. Akagusa shimo. Kete zikaruka zote kwa pamoja na kutua, kufumba na kufumbua. Akaitazama simu, akanirudishia. "Zimepita wapi? Mimi sikuziona zikipita." Kisha akageukia ubao uliokuwa mbele yake, akachota kete, akaanza kuziangusha polepole huku ananitazama usoni: moja, ta, moja, ta, moja, ta. Pale ndipo nilipoelewa kazi yetu. Mcheza bao anahesabu kwa macho na masikio wakati mkono unatembea. Ukimnyima huo mwendo umemnyima mchezo.

Tulirudi Magomeni tukabadilisha kila kitu. Kete moja moja, kila moja na mlio wake. Mwenzetu wa sauti alirekodi komwe zikianguka kwenye ubao wa mvule, simu ikiwa imefunikwa kwa blanketi ili honi za barabarani zisiingie, saa tisa ya usiku. Mlio ule ndio watu walioupenda kuliko chochote. Mpaka leo sijasikia gemu la simu lenye mlio wa kete kama ule, na nasema hivyo bila kuona haya.

Ila siku ileile barazani lilitokea jambo ambalo sikulipa uzito. Wazee wawili walibishana juu ya namna ya kutakata, yaani kucheza zamu isiyokula kete, kila mmoja kwa alivyofundishwa. Mimi nilisikiliza, nikacheka nao, nikanywa kahawa, sikuandika hata mstari. Kufika Dar nikawasimulia wenzangu kwa kichwa. Mwezi mzima tuligombana sheria ipi ndiyo sheria, na nikalazimika kupanda boti tena kwenda kuuliza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutokuandika kunigharimu.

Novemba 2017 tuliliweka Google Play. Ada ya kujisajili ni dola 25, unailipa mara moja tu. Mwaka wa kwanza tulipakuliwa mara zaidi ya elfu kumi na moja. Tulipata ujumbe kutoka Mombasa, kutoka Muscat, na kutoka kwa mama mmoja wa London aliyesema anacheza na mwanawe ili mtoto asisahau kwao. Nilimsomea mama yangu ujumbe ule kwenye simu, akalia.

Basi ikaja kampuni. Sitaitaja. Walitaka gemu lenye nembo yao kwa ajili ya kampeni, wakatuahidi milioni kumi na mbili, tukakubaliana kwa maneno kwenye kikao kizuri chenye sambusa. Tuliacha bao letu miezi minne tukawafanyia. Meneja tuliyezungumza naye akahamishwa, aliyekuja nyuma yake akatuuliza mkataba uko wapi. Hatukuwa na mkataba. Tulikuwa na ujumbe wa WhatsApp wenye dole gumba. Hatukupata hata nauli.

Deni la kodi ya chumba likatuchonganisha. Mchoraji akaondoka mapema 2019, na akasema picha zote ni zake. Nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo ningeweza kuyameza ningeyameza. Lakini ukweli ni kwamba hatukuwahi kuandika popote kwamba picha ni za nani, nani ana fungu gani, na mtu akitoka anatoka na nini. Tulikuwa marafiki, tukaona aibu kuandikiana kama watu wasioaminiana. Leo tunasalimiana misibani tu. Yeye ndiye aliyenipa daftari lake la hesabu nilipougua kidato cha tatu.

Nikachora upya, vibaya, nikaendelea. Kisha 2020 laptopu yangu ikaibwa ndani ya daladala. Programu yenyewe nilikuwa na nakala yake kwenye flashi. Lile faili la ufunguo, linalothibitisha kuwa sasisho limetoka kwako kweli, lilikuwa kwenye laptopu peke yake, na nywila yake kichwani mwangu peke yake. Bila ufunguo huo sikuweza tena kusasisha gemu langu mwenyewe. Ningepaswa kuliweka upya kama gemu geni, bila wachezaji wangu, bila maoni ya yule mama wa London. Siku hizi mna nafuu: tangu Agosti 2021 programu mpya kwenye Google Play ufunguo wake unatunzwa na wao. Hata hivyo nywila za akaunti, za barua pepe na za hifadhi ya picha, nani mwingine anazijua kwenu? Jibuni kabla hamjaendelea kusoma.

Najua mtanitajia Rovio, ile studio ya Finland. Kila kijana ananitajia kwamba Angry Birds ya 2009 ilikuwa gemu lao la 52, kwa hiyo tukaze tu. Sawa, kazeni. Lakini Rovio ilianza 2003, na gemu nyingi kati ya zile za mwanzo walizitengeneza kwa ajili ya kampuni nyingine. Kazi ya kampuni nyingine ni mkataba, kisha mkataba, kisha mkataba. Au watazameni Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, walio karibu zaidi na hali yetu. Mwanzilishi wao, Olivier Madiba, alianza kuliwaza gemu lao, Aurion, mwaka 2003, studio ikafunguliwa 2013, wakachangisha zaidi ya yuro 40,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha watu, mwaka 2015, gemu likatoka Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, mwaka 2016. Walikusanya mtaji pia kwa kuwauzia watu wa kawaida hisa. Hisa utauza vipi wakati hamjaandika nani anamiliki nini? Sisi hata angetokea tajiri mwenye roho safi, tusingekuwa na cha kumuuzia.

Kwa hiyo mdogo wangu, laptopu mliyonayo inatosha. Godot, programu ya kutengenezea gemu, haiuzwi, unaipakua bure na inafanya kazi hata kwenye mashine ya kawaida. Chumba hamkihitaji, fanyeni kazi sebuleni kwa mmoja wenu. Tengenezeni gemu dogo, dogo kweli, mlimalize, na mlipeleke kwa wanaolicheza kabla hamjalipenda mno. Lakini kabla ya hapo andikeni. Andikeni nani anamiliki nini na kwa mafungu gani. Andikeni anayeondoka anaacha nini. Andikeni nywila zinakaa wapi, na awepo mtu wa pili anayezijua. Mteja akija, andikeni kazi, bei, malipo ya awali na tarehe, na malipo ya awali yasipoingia msifungue kompyuta. Sajilini jina BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara. Na msione haya mbele ya rafiki. Rafiki wa kweli atashika kalamu.

Katika hizo laki nane, toeni kidogo mkamwone wakili awasomee karatasi yenu, ukurasa mmoja unatosha. Mkishasaini wote watatu, nitumie picha yake kwenye namba hiihii. Nitakupigia mimi, na hapo ndipo tutazungumza habari ya laptopu.